Mgeni wa Ganda

Mgeni wetu katoka chuo kikuu cha Ulaya kuja Ganda, Malindi, kusomea maisha ya jamii. Karibu, mwanangu. Kiswahili alikisoma darasani muhula mzima, ngeli zote kazishika. Kufika barabarani, watoto wanampokea kwa "Ciao!", maana Malindi kila mzungu ni Mwitaliano mpaka ithibitike vinginevyo. Nyumbani nako mama mwenyeji na majirani wanasemezana Kigiriama. Kiswahili chake kimebaki cha kupatania nauli na mwenye tuktuk.

Asubuhi mbaazi na mahamri vinapigwa picha hadi vinapoa. Jioni anafunzwa kusonga sima: mwiko umekwama, sufuria inazunguka naye, mama kanyamaza kwa adabu. Daftarini kaandika kwamba wenyeji ni wachangamfu ingawa hawana kitu. Hawana kitu! Ile minazi na mikorosho alidhani imejiotea kama magugu.

Si wa kwanza. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, kisha sifa za ugunduzi akaondoka nazo. Huyu wetu walau anaosha vyombo.

Kijana wa Ganda naye akitaka kusoma Ulaya, ataulizwa taarifa za benki, alama za vidole, na kama kweli atarudi kwao. Mgeni, tangu Januari 2024 Kenya ilipofuta viza, anaomba kibali cha kuingia kwenye simu, kalala kitandani.

Haya mwanangu, tasnifu ikishachapwa tuletee nakala. Na jina la mama uliandike sawasawa.