Weka Chini Bisibisi: Njia Tisa za Kuipa Nguvu Pikapu Kuukuu ya Dizeli, Kuanzia ya Hovyo Hadi Iliyo Bora

Mwenye Hilux ya 3L au Land Cruiser pikapu ya 1HZ hakosi mshauri. Akisimama tu kununua maji, atatokea mtu, atagonga boneti, na atamwambia gari "limebanwa" na yeye anajua pa kulifungulia. Msikilize, mshukuru, halafu ficha bisibisi.

Injini hizi zinastahili kupendwa. 3L ina sentimita za ujazo 2,779, na 1HZ, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ina 4,164. Hazina kompyuta ya kusimamia mafuta: kuna chujio, pampu, mabomba ya chuma na nozeli, basi. Kila kitu unaweza kukishika, na ndiyo maana kila mtu hukishika. Nimezipanga hapa njia tisa ambazo watu hutumia kuzitia nguvu, na msimamo wangu nautoa mapema. Pikapu nyingi za umri huu hazina njaa ya mafuta. Zinadai nguvu zao za kiwandani, na deni hulipwa kabla ya kufikiria ziada.

9. Kumimina mafuta ya taa kwenye tangi

Eti yanasafisha nozeli! Pampu ya injini hizi, ya muundo wa VE uliobuniwa na Bosch, haipati tone la oili ya injini. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo, na chuma kitaanza kusagana na chuma mahali ambapo nafasi hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji. Kenya nayo mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Serikali mbili zimehangaika kuyatoa kwenye tangi lako, nawe unayarudisha kwa kidumu?

8. Kukaza skrubu ya mafuta

Hii ndiyo kipenzi cha washauri wote. Iko nyuma ya pampu, karibu na mabomba yanayokwenda kwenye nozeli, na imefungwa kwa nati. Ikiingia ndani, dizeli huongezeka. Pia resi ya injini isiyokanyagwa hupanda, kwa hiyo lazima uirudishe chini kwa skrubu yake. Ukizidisha, injini inaweza kukataa kushuka resi hata mguu ukiwa umeutoa.

Tatizo ni kwamba dizeli imeongezeka ila hewa ni ileile. Ni kuongeza kuni kwenye jiko lililozibwa mlango: utapata moshi mwingi na ugali mbichi. Isitoshe, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari lililokazwa Dar es Salaam likaonekana safi, likifika Mbeya kwenye mita 1,700 litafukuza kuku barabarani kwa moshi. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia kituoni ukaigawa bure kwa wanaokufuata.

7. Kubandika turbo

3L na 1HZ zilitoka kiwandani bila turbo, tena zinabana hewa zaidi ya mara 22. Toyota walipotaka turbo kwenye silinda sita za ujazo uleule wa 4,164 walitengeneza injini nyingine, 1HD-T. Hiyo hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, inabana hewa chini ya mara 19, na inarusha oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Kama kiwanda chenyewe kilibadilisha mambo yote hayo, wewe utabadilisha bomba moja tu?

Inawezekana kuweka turbo kwenye 1HZ, na zipo zinazodumu. Zinazodumu zina msukumo mdogo, zina fundi asiye na haraka, na zina kifaa cha nambari 3.

6. Kuipa hewa nafasi

Chujio jipya la hewa, mpira usio na ufa kati ya chujio na injini, na bomba la moshi lisilobonyea. Nguvu inayopatikana si ya kutangaza kijiweni, ila ni halali na haina madhara. Kama chujio lako limejaa vumbi jekundu, usizungumze na mtu yeyote habari za turbo mpaka ulibadilishe.

5. Kuweka taimingi kwa kipimo

Kwenye 3L, mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu, na ratiba ya kuubadilisha ni kilomita 100,000. Kila unapobadilishwa, au pampu inapofunguliwa, wakati wa kupuliza dizeli lazima ukaguliwe upya. Dizeli ikichelewa, gari huwa zito na asubuhi hutoa moshi mweupe. Ikiwahi mno, injini hugonga na pistoni huumia.

Kuna mafundi wanaolegeza pampu injini ikiunguruma, wanaizungusha kidogo, wanategesha sikio, wanakaza. Fundi wa kweli hufungua plagi ndogo nyuma ya pampu, anachomeka geji ya mshale, anazungusha injini taratibu kwa spana na kusoma mwendo wa planja ya pampu kwa sehemu za mia za milimita. Sikio lina heshima yake, lakini sehemu ya mia ya milimita haisikiki.

4. Kuziba hewa inayoingia kwenye dizeli

Hapa ndipo pesa ndogo inapoanza kufanya kazi kubwa. Pampu ya VE huvuta dizeli yenyewe kutoka kwenye tangi. Upande huo wa kuvuta ukiwa na tundu, dizeli haidondoki chini. Hewa ndiyo inayoingia. Utachungulia chini ya gari, utakuta pakavu, utasema hakuna tatizo. Asubuhi gari litagoma, halafu utailaumu betri.

Dawa ni kipande cha mpira mwangavu. Kiunge kati ya chujio na pampu, washa injini, inama utazame. Dizeli isiyo na hewa hupita huioni ikitembea. Kiputo kikipita, kisha kingine, mwizi ameonekana. Mkague kwenye klipu zilizolegea, kwenye raba ya pampu ya mkono juu ya chujio, na kwenye mipira iliyokauka ikapasuka mwishoni. Usisahau mipira midogo ya kurudisha dizeli juu ya nozeli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pampu mpya ni ghali sana.

3. Kufunga kipima joto cha moshi

Hakiongezi nguvu hata chembe, na bado kinazishinda zote sita zilizotangulia. Ni ncha ya chuma inayoingia kwenye bomba la moshi karibu kabisa na injini, na geji kwenye dashibodi. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni hupozwa na oili na kuta za silinda, hivyo huhimili moshi wenye joto kama hilo kwa muda, lakini kwa muda tu. Waangalifu huondoa mguu kabla moshi haujafika nyuzi 700.

Ukiwa na mzigo unapanda mlima Kitonga, geji ya maji itakwambia mambo ni shwari huku pistoni zikiungua, kwa sababu maji huchelewa kupata habari. Kipima moshi huipata ndani ya sekunde chache. Mali bila daftari huisha bila habari, na injini vilevile.

2. Kupima nozeli na pampu mezani, kwa pamoja

Nenda kwa fundi pampu mwenye mashine, na uombe kusimama utazame. Atafunga nozeli kwenye kifaa chenye mkono na geji, atabonyeza. Nozeli nzima hufunguka karibu na bar 150, hupuliza ukungu mwembamba ulionyooka na kukoroma kwa sauti fupi fupi. Iliyochoka hutema mchirizi upande mmoja. Kisha atapandisha shinikizo karibu na pa kufungukia na kulishikilia kwa sekunde kumi: ncha ikilowa, nozeli inavuja. Weka mikono mbali, maana dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi.

Pampu nayo hufungwa kwenye mashine, na dizeli ya kila silinda huingia kwenye kikombe chake cha kupimia. Vikombe vikipishana, injini inavutana yenyewe. Sawazisha vyote, na wakati wa kufunga tumia washa mpya za shaba. Za zamani zimeshabonyea. Wengi wakilichukua gari siku hiyo huuliza kama fundi ameongeza mafuta. Huenda hata ameyapunguza.

1. Kuongeza chujio la pili lenye kikombe cha kuonyesha maji

Naam, chujio! Mliotegemea kitu cha kishindo, kaeni nilieleze kwa moyo wote. Tumeona kwamba dizeli ndiyo oili ya pampu. Basi maji yakiingia, planja inapata kutu. Mchanga ukiingia, inakwaruzwa. Na dizeli ya kwetu hupitia mengi: madumu, vidumu, matangi ya kituo msimu wa masika.

Chujio la pili hufungwa kati ya tangi na lile la kiwandani. Chagua kubwa, lisilobana njia. Pampu ya VE hutumia shinikizo lake la ndani kuwahisha upulizaji resi inapopanda. Chujio likiziba shinikizo hilo linaweza kushuka, na gari likawa zito ukadhani taimingi imeharibika. Kila wiki tazama kikombe. Maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka wake unaonekana kwa macho. Legeza koki, yamwage mpaka itoke dizeli tupu, kaza, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Kwa hiyo anza na 1, nenda 4, kusanya fedha za 2, kisha funga 3. Mfuko ukiwa mdogo, 1 na 4 zinatosha mwaka huu. Zote zikikamilika, panda mlima ukiwa na mzigo wako wa kawaida na usome joto. Nafasi ikibaki kwenye geji, kaza skrubu ya mafuta kwa moja ya nane ya mzunguko, panda tena, usome tena. Moshi ukionekana, irudishe ilikokuwa na uiache hapo.