Namna ya Kuwa Diotrefe

Waraka wa tatu wa Yohana ni mfupi. Unaumaliza kabla chai haijapoa. Ndani yake mna watu watatu wenye majina. Gayo anasifiwa kwa kuenenda katika kweli na kwa kuwakaribisha ndugu walio safarini. Demetrio anashuhudiwa mema na kila mtu. Kati yao yuko Diotrefe, ambaye mtume anamtaja kwa ugonjwa mmoja: anapenda kuwa wa kwanza. Mwongozo huu ni wa wanaotaka nafasi yake, maana kanisani kwetu wamekuwa wengi, na ni haki wajue kazi wanayoiomba.

Anza na kiti. Waumini wakikalia benchi au viti vya plastiki, chako kiwe cha kuchonga, chenye mto mwekundu, kikae juu madhabahuni kikiwatazama watu, na asikikalie mwingine hata ukiwa safarini. Jina nalo lipande. Ulianza mwinjilisti, uwe mchungaji, kisha askofu, kisha nabii, na mwaka wa njaa uwe mtume. Anayekuita ndugu umrekebishe palepale. Ukifika Mathayo 23, Yesu anapowakemea wapenda viti vya mbele na vyeo vya kuitwa sokoni, ruka uende 24. Watu wanapenda habari za siku za mwisho, hawatagundua.

Sasa fedha. Sadaka ihesabiwe na watu wawili: wewe na mkeo. Usimfuate Paulo katika hili. Alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu. Yamo katika Wakorintho wa Pili, sura ya 8. Huyo ni mtu aliyepigwa mawe Listra kwa ajili ya Injili, wala hakuona haya kutembeza fedha pamoja na mashahidi. Wewe ukiombwa stakabadhi, sema mwombaji ana roho ya uasi.

Katika usharika nilikokulia alikuwapo mama mhazini aliyesoma hesabu kila Jumapili baada ya matangazo. Sadaka ya kawaida kiasi gani, ya shukrani kiasi gani, mnada umeleta nini. Aliyenunua jogoo kwa ahadi na hajalipa alitajwa, watu wakacheka, naye akalipa wiki iliyofuata. Sisi watoto tulichoshwa na usomaji ule. Leo najua kwamba ndiyo ilikuwa katekesi yangu ya kwanza kuhusu kweli, kabla sijakariri amri hata moja. Mwaka alipouliza bati za jengo jipya zimekwenda wapi, alipumzishwa. Tangazo lilisema ni kwa sababu ya afya yake. Kesho yake nilimkuta shambani akipalilia mahindi, mzima wa afya, na tangu siku ile hesabu hazikusomwa tena.

Kwa hiyo, Diotrefe mtarajiwa, mhazini wa namna hiyo umpumzishe mapema.

Wakubwa waalike. Mwanasiasa akija na bahasha, mpe kiti cha mbele na kipaza sauti, mahubiri yafupishwe. Jihadhari na mifano mibaya. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana Kenya aliwanyima wanasiasa mimbari: wanakaribishwa kuabudu kama waumini wengine, ila ibada haitakuwa jukwaa lao. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizotoa Rais William Ruto kwenye kanisa la Soweto, Kayole: shilingi 600,000, na milioni 2 za nyumba ya padri. Nyumba ya padri inahitajika, nani asiyejua. Zilikataliwa hata hivyo. Ukianza kurudisha bahasha, kiti chako cha kuchonga atakulipia nani?

Mwisho, chukua ngao. Mtu akihoji, mtolee ule mstari wa Zaburi ya 105 kuhusu masihi wa Bwana wasioguswa. Mwombe Mungu tu asiusome kuanzia juu. Zaburi ile inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa, na wanaokaripiwa pale ni wafalme. Mstari uliowalinda wasafiri wasio na ardhi dhidi ya wenye nguvu tumeugeuza uwalinde wenye nguvu dhidi ya mama anayeuliza bati. Daudi naye, aliyekataa kumnyoshea mkono Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana, alitoka pangoni En-gedi na kipande cha vazi la Sauli mkononi, akamwambia mfalme kosa lake kwa sauti, naye Sauli alikuwa amekuja na watu 3,000 kumsaka. Hakumgusa, na kweli alimwambia.

Hapa naiweka kejeli chini, kwa sababu najua njia hii inafika wapi. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge kula ili wakamlaki Bwana. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Msiba wa ukubwa ule hauanzii makaburini. Unaanza siku waumini wanapofundishwa kwamba kumuuliza mtumishi ni dhambi, na somo hilo linafundishwa katika makanisa ya heshima pia, yenye kengele na katiba iliyosajiliwa.

Wako waliokalia kiti cha mbele kwa namna nyingine. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na watu kutoweka. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa wa kwanza kati yao kwa cheo, na cheo hicho hakikumwokoa. Aliuawa tarehe 16 mwezi uleule. Sanamu yake imesimama tangu 1998 juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London. Luwum alikuwa na cheo kikubwa katika kanisa lake, na akakitumia kuwasemea waliotekwa usiku, hata wale ambao majina yao hakuyajua.

Nanyi wazee wa kanisa, sijawaomba mfe. Nawaomba jambo dogo, lenye kuhitaji karatasi moja na dakika tano. Jumapili ijayo, matangazo yakiisha na kabla ya baraka, simameni msome: kilichoingia, kilichotoka, nani alikipokea, bati ziko wapi. Na kama mama mhazini wenu bado yu hai huko alikopumzishwa, nendeni mkamwombe radhi, mmrudishie daftari lake.