Sifa za Kemshafti Kali
Washairi wetu wameusifu mnazi, wakasifu jahazi na hata tumbaku. Kemshafti kali bado haijapata wa kuisifu. Deni hilo nalilipa mimi, niliyekula hasara yake mwaka mzima hapa Uingereza na sina kinyongo.

Gari ni Peugeot 205 GTI ya lita 1.9, ile iliyotoka mwaka 1986 na nguvu za farasi 130. Wafaransa waliitia kemshafti yenye adabu: inafungua valvu kwa wakati, inafunga kwa wakati, injini inavuta tangu chini. Aibu iliyoje! Unaondoka kwenye taa na hakuna anayegeuka.

Kemshafti mpya niliyoitia mimi ina nundu nono. Huinua valvu juu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu, hata ya kuingiza hewa ikafunguka mapema wakati ya kutoa moshi bado haijafungwa. Injini ikikimbia, ukarimu huo huijaza silinda pumzi. Ikienda polepole, moshi hurudi ulikotoka, kama mgeni aliyekwisha kuagwa akaketi tena barazani. Basi gari likisimama linatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinaonyesha watu wawili wawili. Shemeji yangu alipokuja kutoka Tanga aliweka mkono kwenye boneti, akauondoa. "Shemeji, hili lina homa. Umelipa dawa?"

Wenye husuda husema haivuti chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika. Kweli haivuti. Kila asubuhi naingojea nguvu. Ikikaribia kufika, taa inakuwa nyekundu. Mara mbili mwaka huu nimekuta barabara tupu, na mara zote mbili nilicheka peke yangu humo ndani kama mwehu.

Elimu nayo, je? Nani angenifundisha kusoma sahani ya digrii ya kupimia taimingi ya kemshafti? Nimebandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, nikaizungusha injini kwa mkono, nikaukata ule udongo kuona valvu imebakiza nafasi gani. Aliyeniuzia alisema ni kazi ya Jumamosi moja. Jumamosi ile ilizaa wiki sita: springi mpya, mkanda mpya, puli ya kurekebisha taimingi, na vibati vya tapeti vinavyochaguliwa kwa sehemu za mia za milimita. Kisha unawasha na kuishikilia injini kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, muda wa dakika 20 bila kuachia, ili oili irukie nundu zile changa. Jirani alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Sijui mpenzi wa muziki aliye makini kuliko yeye.

Hata mguu umenufaika. Breki husaidiwa na mvuto wa hewa ya injini, na mvuto huo kemshafti imeupunguza, kwa hiyo kwenye foleni pedali ni ngumu kama jiwe la kusagia. Paja langu la kulia sasa ni la mcheza mpira.

Imebaki kusimulia siku ya ukaguzi. Gari la umri huu haliruhusiwi kupitisha asilimia 3.5 ya kaboni monoksaidi. Mkaguzi alitazama kipimo, akanitazama mimi, akaenda kunywa chai.

Kemshafti ya kiwandani nimeipaka grisi na kuifunga kwa gazeti, imo kwenye buti. Gari linauzwa. Mnunuzi aje na paja lake.