Kamera ya Mwezini

Bwana mkubwa anataka Hasselblad 500C/M, eti kwa kuwa jina hilo lilifika mwezini mwaka 1969. Hewaa! Studio yake ni chumba kimoja, na mtu wa mbali kabisa anayempiga picha yuko hatua tatu mbele yake. Akitajiwa Mamiya RB67 ananuna: nzito mno. Kweli, inakaribia kilo 3. Kwani atakimbia nayo wapi? Itakaa juu ya stendi ya miguu mitatu, na picha ya wima ikitakiwa, anazungusha mgongo wa kamera tu. Filamu moja ya 120 itampa picha 10. Hasselblad itampa 12 za mraba, kisha azikate ziingie kwenye fremu za wateja. Filamu yenyewe bado hajanunua. Kwanza mkanda wa ngozi wa kuvalia kamera shingoni.