Barua ya Wazi kwa Mgawa Maji wa Bonde la Pangani

Mheshimiwa,

Naona ni wajibu kukuarifu ya kuwa katika ukame huu, uliowafanya wakulima wa mpunga wachongeane kwa ajili ya zamu za maji, na mafundi wa umeme walitazame Bwawa la Nyumba ya Mungu kama mdaiwa atazamavyo mlango, yuko mtumiaji mmoja ambaye hadi leo hajaleta ombi, hajalipa ada, wala hajahudhuria kikao hata kimoja, ilhali anashinda na kulala majini bila haya.

Namkusudia perege wa Jipe, ambaye wataalamu wamemtia katika daftari la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na ambaye kwao ni bonde hili tu. Kosa lake, kwa insafu, si dogo: mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu imeundwa kutoa megawati 8, ya Hale 21, ya Pangani 68, miwa ina mizani yake, na mifongo, yaani mifereji ya jadi ya Wachaga, ina wazee wanaojua zamu ya kila ukoo, lakini yeye hana cha kuonyesha ila mayai. Tena mama perege huyalea kinywani, na aliyejaza wana kinywani atatetaje na wakili?

Najua utanijibu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imetenga, kabla ya kibali cha yeyote, maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe. Naam, imetenga, nami nimeisoma kwa furaha ya mrithi asomaye wasia wa tajiri aliyekwisha kufilisika, madhali ukame ukija, fungu la kwanza karatasini huwa la mwisho mferejini, na mwenyewe huambiwa asubiri masika, kana kwamba pumzi hukopwa.

Sisemi mpunga ukauke. Ubwabwa naula, na, nikiri, naula kwa perege.

Basi naomba fomu ya kibali nimjazie. Penye kiasi cha maji nitaandika "ya kufunika mgongo". Penye anwani, Ziwa Jipe, upande wa Tanzania au wa Kenya, kwani mpaka huuvuka bila pasi. Nimekwama penye alama ya kidole gumba: je, afisi yako yapokea gamba?

Ndimi mtiifu wako,
Mla Perege