Thurea ya Mjomba

Mjomba alipotua kutoka Muscat, sanduku moja liliwashinda wapagazi wawili. Ndani mlikuwa na thurea ya kioo, vishada juu ya vishada. "Wakwe wakija Ijumaa," alisema, "waione hii kabla ya kutuona sisi." Dada yetu alikuwa anaposwa, na upande wa mume ni watu wanaojiweza.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haifiki mbali, ikizidi mita tatu ni bahati, na kuta hufuata urefu wake. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa, mzigo mzito unaosimama kwa kushikana. Bibi alisema dari hiyo haitaki kutobolewa. Mjomba akamtajia fahari ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883.

"Lile lina nguzo za chuma, mwanangu," Bibi akajibu, akaendelea kutunga asumini za kikuba.

Fundi alipanda ngazi baada ya swala ya Ijumaa. Shangazi alikuwa keshaandaa meza chini yake: halua, vileja, visheti, birika la kahawa. Drili ikalia, boriti ikapasuka, na robo ya dari ikashuka na vumbi la miaka isiyohesabika. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Fundi aling'ang'ania ngazi, mweupe tangu utosini hadi kandambili. Halua haikuonekana tena. Shangazi akakaa chini akalia. Thurea ilikuwa bado sandukuni, na mlangoni watu walikuwa wanapiga hodi.

Bibi hakupandisha sauti. Chumba kifungwe. Mikeka na mito ipelekwe ukumbini. Makaa yatiwe kwenye chetezo, na udi juu yake. Kisha akamwomba Mjomba ile chupa ya marashi aliyoizungushia mashuka pembeni mwa sanduku, kama kitu cha kuzibia nafasi. Yalikuwa marashi ya Jabal Akhdar, mlima wa Oman ambako mawaridi huchumwa asubuhi mapema mwezi wa Aprili na kupikwa katika majiko ya udongo. Akayamimina kwenye mrashi wa fedha.

Pwani hii imewapokea wageni hivyo tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, sultani alimpelekea tambuu na popoo, akamwagiwa mikononi marashi ya Damascus. Mimi naamini huo ndio utajiri wenyewe wa waungwana. Kitu cha kutazamwa hubaki kwa mwenye nyumba, lakini harufu ile mgeni huondoka nayo nguoni, akafika nayo kwao, watoto wakamuuliza ametoka wapi.

Bibi aliwanyunyizia wageni mmoja mmoja, kwa mkono wake, akianza na mkubwa wao. Chetezo kikapitishwa chini ya mabuibui. Mama mkwe akaiona chokaa nyweleni mwa Shangazi, akanyamaza kwa adabu. Bibi ndiye aliyesema: "Dari yetu imeanguka sasa hivi, na halua yenu imo humo ndani. Leo tutakunywa kahawa kwa tende."

Mama mkwe akacheka hadi akashika kifua. Ya kwao iliwahi kuporomoka wakati wa masika, usiku, juu ya kitanda. Kuanzia hapo hapakuwa na ugeni tena. Walizungumza mpaka adhana ya Magharibi, na mambo ya mahari yakaisha bila mvutano.

Mjomba aliilipia dari mpya, boriti kwa boriti. Thurea ikaenda kwa nduguye Mbweni, kwenye nyumba ya zege.

Wiki iliyofuata kulikuja mjumbe kutoka kwa mama mkwe. Alitaka kujua udi ule umepikwa na nini, maana buibui lake lilikuwa bado linanukia.

"Mwambie asubiri," Bibi alisema. "Nitamfundisha mjukuu wangu, naye ataupika huko huko kwake."