Rupia ya Mjomba Yenye J Mbili

Rumonge haina siri. Nunua samaki mukeke mnono asubuhi, adhuhuri utawakuta wageni uani wanakusalimia kwa upendo wa ghafla. Ndiyo maana mjomba wangu alipotoa rupia ya Mjerumani kwenye sanduku la marehemu mama yake, akaona herufi ndogo iliyopigwa juu yake imejirudia, habari zilifika sokoni kabla hajavaa viatu.

Rupia yenyewe si kioja huku kwetu. Burundi ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, na wazee wengi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika walirithi sarafu hizo pamoja na madeni. Upande mmoja yupo Kaizari Wilhelm II, kofia yenye tai kichwani, masharubu yamemsimama. Upande wa pili kuna thamani na mwaka. Zile za kuanzia 1904 hadi 1914 zina herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Vita vilipowabana mwaka 1916, Wajerumani walijitengenezea sarafu Tabora, wakatia T.

Mjomba hakuhitaji somo hilo. "J ni Juma, babu yenu," alitangaza. "Na ziko mbili kwa sababu alikuwa na wake wawili."

Kuna kijana alikuwa amemwambia kwamba sarafu yenye herufi pacha huuzwa bei ya kutisha Ulaya. Hilo lina ukweli kidogo, na ule kidogo ndio uliomponza. Siku hizo muhuri wa chuma uliopigia sarafu uliweza kugongwa herufi ya kiwanda kwa mkono, kwa msumari na nyundo. Msumari ukigonga mara mbili na kuteleza kidogo, kila sarafu itakayotoka kwenye muhuri huo itakuwa na pacha wake. Wakusanyaji wa sarafu huzipenda hizo. Lakini kuna pacha wa bandia: muhuri uliolegea mashinani husukuma fedha pembeni, ukaacha ngazi bapa kando ya herufi. Hiyo haiongezi thamani. Halafu kuna jeraha la kawaida, ambalo halina pacha popote duniani.

Mjomba alikwisha kuchagua pacha wa kwanza. Kufikia jioni alikuwa amenunua kwa mdomo injini ya mtumbwi, na jamaa kutoka Nyanza-Lac alipiga simu kuuliza afya yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata alipougua malaria.

Hapo ndipo mama mkubwa alipotaka kusaidia. Aliona aibu kitu cha thamani kupelekwa kwa watu kikiwa cheusi. Akachukua majivu, limao na mchanga laini wa ziwani, akaisugua rupia kama anavyosugua masufuria ya samaki wa ndagala, kwa moyo wote na kwa mkono wa kulia. Kaizari aliingia kwenye karai na masharubu yake, akatoka amenyolewa.

"Sasa inang'aa!" alisema.

Mjomba akakaa chini pole pole. Weusi ule haukuwa uchafu. Fedha ikikaa miaka mingi hujifunika rangi yake yenyewe, na mnunuzi hutafuta hiyo kwanza. Mikwaruzo ya mchanga haifutiki.

Tulimpelekea sonara. Aliiweka kwenye mizani: gramu 11 na nukta chache, karibu sana na zile 11.66 ambazo rupia mpya ilitakiwa kuwa nazo, dalili nzuri kwamba fedha ilikuwa halisi. Kisha akaivuta taa, akamwita mjomba aangalie kwa lenzi.

"Mzee, tazama J ya kwanza. Imesimama juu ya uso wa sarafu, sivyo?"

"Imesimama."

"Na ya pili?"

Mjomba alinyamaza. J ya pili ilikuwa shimo. Ilichimbwa ndani, imepinda kama ndoana, na pembeni yake fedha imefura pale ilipokimbizwa na chuma. Mfanyabiashara fulani wa zamani, asiyemwamini mwenzake, alijaribu sarafu kwa ncha ya kisu aone kama ndani kuna shaba. Ukingoni nako kulikuwa na tone la lehemu: rupia iliwahi kuwa kidani shingoni mwa mtu. Sonara alisema atailipa kwa uzito wake tu. Mjomba alikataa, akasema heri ibaki na Juma.

Kwa hiyo wewe mwenye rupia sandukuni, fanya hivi. Usiioshe. Ishike ukingoni. Ipime. Angalia herufi ya pili kama imeinuka au imezama, maana herufi ya kiwandani huinuka na jeraha huzama. Na mpaka umalize yote hayo, tafadhali, usimwambie mtu yeyote Rumonge.